Kopo au Kibuyu

Sauti ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa nimemimina kiganja kimoja cha vidonge vya rangi kwenye chombo cha plastiki kinachokaa juu ya bunduki, vikashuka vikigongana, chakarachakara, na mikono yangu ikakumbuka kitu kabla kichwa hakijakumbuka. Nilikuwa nimesimama Mwamkulu, nje kidogo ya mji wa Mpanda, kwenye shamba moja lililozungushiwa neti, mtu mzima mwenye shahada na shati lililopigwa pasi, lakini mikono ilikuwa ya mtoto wa kijijini Mishamo, na nusura niiangalie nione kama vidole bado ni vya zambarau.

Nieleze kwanza nilifikaje hapo. Kaka Meshaki ni mtu wa hapahapa Mpanda aliyeishi Arusha, akarudi na wazo ambalo watu wa mtaa wa Majengo bado wanalicheka: uwanja wa peintibol, mchezo wa kulengana kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi. Ukipigwa unapakwa, ukipakwa unatoka. Mimi tangu nimalize chuo nimekuwa mtu wa kutuma maombi ya kazi, kisha kukaa kuyafikiria hayo maombi hadi najuta kuyatuma. Aliponichukua kwa majaribio, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumchagulia hopa.

Hopa ni hicho chombo cha juu, kinachobeba vidonge na kuilisha bunduki. Kwa bunduki za kawaida chochote kinatosha. Lakini Kaka Meshaki alikuwa ameleta mbili za kasi, ambazo ukichezesha kidole zinatapika vidonge kama mvua ya mawe, na bunduki ya namna hiyo inataka hopa inayobeba vingi na kulisha haraka kuliko yenyewe inavyopiga. Hopa ikichelewa hata kidogo, kidonge kinaingia nusu, kinakatwa, na rangi inamwagika ndani ya bunduki badala ya kumpata adui. Mezani palikuwa na hopa mbili za mfano. Moja nyepesi, isiyo na mambo mengi, inayoachia vidonge vishuke kwa uzito wake. Nyingine ina betri, na ndani yake kuna pangaboi dogo linalovisukuma.

"Chagua wewe msomi," aliniambia. "Utakayosema ndiyo tutakayoagiza."

Angesema maneno mengine yoyote ningekuwa salama. Tangu asubuhi nilizishika, nikazitikisa, nikazirudisha. Nikafikiria betri kuisha katikati ya mchezo, wageni wakalalamika, Kaka Meshaki akaniachisha kazi, nikarudi nyumbani Mishamo na begi langu, mama akauliza imekuwaje. Yote hayo kabla ya chai. Ndipo nikamimina kile kiganja cha vidonge, vikalia chakarachakara, na nikamwona dada yangu Domina amechuchumaa kwenye mabua ya mahindi, amenyoosha mkono nyuma bila kunitazama, anasema, "Lete!"

Wenzangu mliokulia vijijini nadhani mnazikumbuka bunduki za mwanzi. Sisi tulikata kipande cha mwanzi kilichonyooka, wazi pande zote mbili, na kijiti cha kusukumia kilichochongwa kikatosha humo ndani bila kulegea. Risasi zilikuwa matunda ya mnavu, ile mboga ya majani. Si yale yaliyoiva kabisa, maana hayo hupasuka mkononi, ila yale yaliyoanza kuwa meusi na bado magumu kidogo. Unasukuma risasi moja hadi mdomoni mwa mwanzi, inakwama. Unaweka ya pili nyuma, unasukuma kwa nguvu, hewa inabanwa katikati, na ile ya mbele inatoka kwa mlio wa po! ambao sijausikia mahali pengine popote duniani. Inapotua kwenye shati inaacha doa la zambarau ambalo mama ataligundua hata uligeuze shati ndani nje.

Kijiji chetu kilikuwa na barabara moja ya vumbi jekundu iliyokigawa mara mbili. Upande mmoja kulikuwa na bomba la maji, upande mwingine mashine ya kusaga. Kwa hiyo kulikuwa na watoto wa Bomba na watoto wa Mashine, na baada ya mavuno, mabua yakiwa bado yamesimama shambani, pande hizo mbili zilipigana, kila upande ukiwania kunyakua kipande cha kitenge ambacho upande wa pili ulikifunga juu ya bua lake. Aliyepakwa alitakiwa aende bombani, anawe doa lake, ndipo arudi vitani. Sasa fikiria mwenyewe. Bomba lilikuwa kwao. Mtoto wa Bomba aliyepigwa alinawa na kurudi kabla hata hajahema. Sisi wa Mashine tukipigwa tulikimbia barabara nzima kwenda na kurudi, na tukifika tunakuta kitenge kimeshachukuliwa na Zakaria, mkubwa wao, amejifunga kichwani anacheza.

"Nyie wa Mashine mnanuka pumba!" alikuwa akituimbia.

"Na nyie mmelowa kabla hata ya kuanza!" Domina alimjibu kila mara, lakini jibu zuri halirudishi kitenge.

Domina alinizidi miaka mitatu na alikuwa mpigaji wetu. Ndiye aliyegundua tatizo letu, akalisema tukiwa tunachuma mnavu nyuma ya nyumba, mdomo umejaa matunda aliyopaswa kuweka kwenye kopo. "Hatushindwi kulenga," alisema. "Tunashindwa kwa sababu tunawapiga mmoja mmoja. Wa kwanza anarudi wa tatu hajapigwa. Inatakiwa niwapake wote kwa mara moja, mfululizo, po-po-po-po, kabla wa kwanza hajafika bombani." Kisha akanitazama. "Wewe unayefikiria sana, nifikirie hilo."

Nadhani hakuna aliyewahi kunipa kazi tamu kama ile. Wazo la kutoboa tundu mgongoni mwa mwanzi lilinijia upesi: ukivuta kijiti nyuma kinapita tundu, tunda linadondoka lenyewe, unasukuma, po! unavuta tena. Kilichobaki ni chombo cha kukaa juu ya tundu. Hapo ndipo nilipopotelea kwa siku nyingi zenye furaha. Nilijaribu chupa ya maji niliyoikata kitako. Shingo yake nyembamba, matunda mawili yakikutana hapo yanagombania mlango na hakuna linalopita. Nilijaribu faneli ya baba ya kumiminia mafuta ya taa. Ililisha vizuri nikiwa nimesimama, nilipokimbia matunda yote yaliruka nje kama panzi. Nilijaribu kopo kubwa la maziwa ya unga, na hilo lilinipa raha ya macho, maana lilibeba matunda ya kutosha vita nzima. Lakini kitako chake kilikuwa bapa. Matunda yalikaa kuzunguka tundu yakitazamana, na ya chini yakabanwa na ya juu hadi yakawa uji.

Jibu nililipata mashineni, nilipotumwa kusaga. Mwendesha mashine alikuwa na kawaida ya kuigonga hopa, ule mdomo wa juu unaomwagiwa mahindi, kwa kipande cha mti, gon gon, huku injini inanguruma na unga umemjaa kwenye nyusi. Kwa muda mrefu niliamini anaigonga ili kuwaharakisha akina mama waliopanga foleni, na niliona ni mtu asiye na adabu. Siku ile mama mmoja alipomaliza kumwaga mahindi yake, nikasogea, nikachungulia ndani. Mahindi yalikuwa yamejishika kama daraja, juu yamejaa, chini kuna uwazi mtupu. Mwendesha mashine akagonga. Daraja likaanguka, mahindi yakashuka, injini ikabadili sauti. Nilirudi nyumbani mbio na unga wangu kichwani, na mama akadhani nimefukuzwa na nyuki.

Nikamwomba mama kibuyu cha mbegu kilichokuwa na ufa. Kwetu mbegu za maharage zilihifadhiwa ndani ya vibuyu pamoja na majivu, na nilikuwa nimemwona mama msimu hadi msimu akikiinamisha, akikitikisa kidogo, na mbegu zikija kiganjani kwa mpangilio, hazisukumani. Kilikuwa kibuyu kikubwa chenye tumbo la mviringo, hakuna pembe ya tunda kujificha. Nilikigeuza shingo chini, nikaikaza kwenye tundu la mwanzi kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, nikafungua dirisha juu ya kujazia na kuliziba kwa gunzi. Kisha nikatoa kamba kutoka kwenye kijiti cha kusukumia hadi kwenye kipande kidogo cha mti kilichoning'inia ubavuni mwa kibuyu. Kila ukivuta kijiti, kile kipande kinagonga kibuyu, ko! Bunduki ikawa inajigongea yenyewe. Ko-po! Ko-po! Ko-po! Nilipiga ukuta wa choo hadi ukabadilika rangi, nikaanza kucheka peke yangu, na hata leo nikiikumbuka ile sauti kifua kinajaa.

Nilikuwa bado sijamwonyesha Domina wakati masenge wetu alipokuja. Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, dada wa baba. Yeye alikuwa na duka la vitenge Majengo, mwanamke mwenye sauti ya kujaza uwanja, na alikuja na pikipiki, akiwa ametuletea sukari na habari za mjini. Siku ya pili alikaa na mama barazani wakichambua maharage. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nachonga kijiti. Domina akapita mbio na ndoo ya maji kichwani, haimwagiki tone.

"Yewe, mwangalie huyo!" Masenge akasema. "Mtoto mwepesi namna hii ndiye wa kwangu. Kesho wana ule mchezo wao, si ndiyo? Ngoja nimtazame akiwashinda hao, halafu keshokutwa naondoka naye."

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Kijiti kilinidondoka. Kwa akili yangu ya wakati ule, Masenge alikuwa amekuja kuchagua mtoto, na mchezo wetu ndio ulikuwa mtihani wenyewe. Domina akishinda, anachukuliwa. Akishindwa, Masenge atasema kumbe si mwepesi kiasi hicho, atapanda pikipiki yake, na mimi nitabaki na dada yangu. Na nani alikuwa ameshika kushinda na kushindwa kwa Domina? Mimi. Kibuyu kilikuwa uvunguni mwa kitanda changu, kinanuka majivu.

Sikuwahi kuwaza kwa woga hivyo kabla ya siku ile, na tangu hapo sijaacha. Nilikipeleka kibuyu kwenye zizi la mbuzi, nikakirudisha. Nikalichukua lile kopo la maziwa nikalitoboa tena vizuri, nikalifunga kwenye mwanzi mwingine, nikajiambia kwamba kopo nalo linabeba mengi, hakuna atakayesema nimemnyima. Halafu nikafikiria uso wa Zakaria akiwa amejifunga kitenge chetu kichwani. Halafu nikafikiria kitanda cha Domina kitupu. Kesho yake nilikwenda shambani nikiwa na vyote viwili, kopo mkono wa kushoto na kibuyu kulia, vyote vimefunikwa kwa shuka, natembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jioni ile jua lilikuwa limelala juu ya mabua na kila kitu kilikuwa cha rangi ya asali. Masenge alikuja kweli. Aliketi kwenye ukingo wa barabara na kina mama wengine, amevaa kitenge kipya cha njano. Zakaria alipiga mluzi na vita ikaanza, na kwa muda nilisahau hofu yangu, maana hakuna kitu kinachosisimua kama kukimbia kwenye mabua makavu yanayokwaruza masikio huku po! po! zinalia usizojua zinatoka wapi. Wa kwetu walianza kupakwa. Mmoja akakimbilia bombani, wa pili, wa tatu. Watoto wa Bomba walikuwa wananawa na kurudi wakicheka, maji yanawatiririka. Mwishowe nilibaki mimi na Domina tumejibanza nyuma ya kichuguu, na nyuma yetu kitenge kinapepea. Bunduki yake ya kawaida ilikuwa imeishiwa risasi.

"Pumba! Pumba! Pumba!" waliimba, wakisogea kwa duara.

"Lete!" Domina akasema, mkono umenyooshwa nyuma.

Sikuleta. Nilikaa na shuka langu mapajani, mkono mmoja juu ya kopo, mwingine juu ya kibuyu, na hakuna hata mmoja uliokubali kuinuka.

Akageuka. Alikuwa na doa la jani puani na macho yanayowaka kwa raha ya vita. Akalifunua shuka, akaona vyote viwili.

"Ipi inalisha haraka?" akauliza.

Ningeweza kusema lolote. "Kibuyu," nikasema. "Lakini ukishinda Masenge atakuchukua."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Kasema anakutazama. Ukishinda unaondoka naye."

Domina akaweka bunduki yake chini. Kisha akacheka, si kwa kunidhihaki, alicheka kama mtu aliyeona kitu kizuri mahali asipotegemea. "We mtoto," akasema. "Masenge anatania. Mimi naondoka hata nikipigwa. Nilimwomba mwenyewe, tangu mahindi yana maua. Nitasomea mjini. Baba amekubali zamani." Akanishika shavu kwa vidole vya zambarau. "Naondoka tukishinda, naondoka tukishindwa. Sasa si bora tushinde? Lete kibuyu!"

Sijui namna ya kueleza kilichonitokea kifuani. Ilipaswa iwe huzuni, na huzuni ilikuwepo, lakini ilikuja baadaye. Kilichofika kwanza kilikuwa wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni na kuambiwa halikuwa lake. Nikampa kibuyu. Nikang'oa gunzi nikakijaza hadi juu, nikaziba, nikapiga kitako chake. Domina akasimama juu ya kichuguu, mzimamzima, bila kujificha, na Zakaria akasita kwa sababu hakuwahi kuona mtu wa Mashine akisimama hivyo.

Ko-po! Ko-po! Ko-po! Ko-po!

Wa kwanza alipakwa kifuani akiwa bado anaimba pumba. Wa pili na wa tatu walipakwa kabla hawajajua wageukie wapi. Zakaria alipigwa begani, akajitazama, akapigwa tena tumboni. "Hiyo si haki! Hiyo ni mashine!" akapiga kelele, na mimi nikamjibu kwa sauti yangu yote, "Ndiyo! Sisi ni wa Mashine!" Walikimbilia bombani wote kwa pamoja, wakasukumana, wakamwaga maji, na bomba lile likawa shingo nyembamba ya chupa, hakuna anayepita. Nilikimbia mimi, mtoto wa kufikirifikiri, nikavuka shamba lote peke yangu nikaling'oa lile bua la Bomba pamoja na kitenge chake. Nyuma yangu Domina alikuwa bado anapiga, anaruka, anazunguka, na tunda moja likapotea njia likatua katikati ya kitenge kipya cha njano cha Masenge.

Sote tukamgeukia. Masenge akaliangalia doa. Akaligusa kwa kidole, akakinusa.

"Mnavu," akasema. "Sawa. Ninapewa binti na mboga yake."

Waliondoka kesho yake asubuhi, watatu kwenye pikipiki moja, dereva, Masenge, na Domina nyuma kabisa na gunia la maharage limempakata yeye badala ya yeye kulipakata. Mama alilia kidogo. Mimi nilikimbia nyuma ya lile vumbi hadi kwenye mashine, na kabla hawajapinda Domina akageuka akapiga kelele, "Kibuyu usimwonyeshe Zakaria!" Nilimwonyesha wiki ileile. Bila Domina hakukuwa na raha ya kushinda peke yetu, na msimu uliofuata kijiji kizima kililia ko-po hadi akina mama wakaanza kuficha vibuyu vyao vya mbegu.

Basi pale Mwamkulu, nikiwa na hopa mbili mezani, nikatoa simu nikampigia. Domina sasa ndiye mwenye lile duka la Majengo, Masenge anakaa nyuma kwenye kiti anatoa amri. Nikamweleza yote, betri, pangaboi, wageni, majaribio ya kazi, begi langu, mama. Nikasikia anampimia mteja kitambaa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Ipi inalisha haraka?"

"Ya betri."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na kazi wakikunyima, watakunyima kwa sababu ya hopa?"

"Sijui, dada. Labda wananyima tu."

"Ehee. Sasa si bora ipige vizuri? Masenge, ni yule mdogo wangu, anauliza kopo au kibuyu!" Nyuma yake nikasikia kicheko kinachojaza duka. "Halafu mwambie bosi wako Jumamosi tunakuja wote wawili, na mimi nataka rangi ya zambarau. Kwaheri, nina wateja."

Nikafunga ile hopa ya betri juu ya bunduki. Nikaijaza hadi juu, nikaziba, nikapiga kitako chake bila kukusudia. Kaka Meshaki alikuwa amekuja kusimama mlangoni mwa neti, mikono kiunoni, anangoja msomi aseme neno. Kule mbele kulikuwa na pipa tupu la kulengea. Nikavuta pumzi, nikasimama mzimamzima, bila kujificha nyuma ya chochote, nikainua bunduki, nikakaza kidole.